Mkasi wa Joakimu na Sinema ya Mvua

Juzi kijana mmoja wa jumuiya yetu alinionyesha simu yake. Ndani yake kulikuwa na padre anahubiri, kipande kifupi tu, na chini yake watu wanamtukana padre huyo kama mwizi wa kuku. Nikamwuliza mahubiri yote yako wapi. Akanijibu, "Babu, yote ni marefu. Hii ndiyo yenye moto." Nikamrudishia simu yake nikanyamaza, maana umri umenifundisha kunyamaza mpaka moyo upoe.

Haukupoa. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mimi nilikuwa fundi wa redio na deki za video pale Shanwe, Mpanda, miaka yote ya tisini na mingine kabla na baada yake. Sasa macho hayaoni tena skrubu ndogo, na deki zenyewe mmezigeuza mahali pa kufugia buibui. Silalamiki. Mungu alinipa mikono, akanipa kazi, akanipa na mtu wa kunifundisha. Lakini kuna jambo moja la kazi hiyo ambalo hasira yake sijaweza kuiweka chini, na nataka nyie mnaokata picha za watu kwa kidole mlisikie lote. Mkiona ni refu, ondokeni sasa hivi, msiondoke katikati.

Aliyenifundisha alikuwa Bruda mmoja wa misheni, mtu mwembamba mwenye vidole virefu, aliyetunza karakana nyuma ya kanisa. Nilikuwa nimetoka seminari ndogo bila kumaliza, nikiwa na Kiingereza kidogo na Kilatini kisichonunua hata chumvi. Bruda alikuwa anarekodi kwaya na mahubiri, halafu kaseti zinapelekwa vigangoni ambako padre hafiki ila mara chache. Akanifundisha kusafisha hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda, kwa spiriti na pamba, kuunga mkanda uliokatika, na kuushika kwa ncha za vidole ukingoni, kwa sababu jasho la mtu ni adui mkubwa wa mkanda kuliko vumbi. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaichukia: usikate kabla hujasikiliza mpaka mwisho.

Mwenzangu mmoja aliidharau sheria hiyo. Mahubiri ya Kwaresima yalikuwa marefu, hayakuenea upande mmoja wa kaseti, yeye akanakili upande wa kwanza tu, akakata hapo na kuzituma kaseti. Bahati mbaya padre alikuwa amefika mahali anapoigiza maneno ya shetani jangwani, kwa sauti tamu kabisa, na jibu la Bwana lilikuwa upande uliobaki karakana. Huko vigangoni watu walisikiliza wakaondoka. Katekista mmoja akaja mbio kwa baiskeli kuuliza kama kweli Baba Paroko amesema tumwabudu huyo jamaa. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Bruda hakucheka. Akampa mwenzangu baiskeli yake na kaseti mpya, akamwambia aende kila kigango alichokipotosha, akae nao mpaka wasikilize mwisho. Alirudi amekonda.

Nimetaja hilo ili mjue kwamba nilipofungua karakana yangu mwenyewe Shanwe, hili la kukata nililichukua kama amri, sawasawa na zile kumi.

Kazi haikukosa vichekesho. Mteja mmoja aliniletea deki yenye mkanda wa harusi yake ambao alikuwa amerekodia mpira juu yake; bibi harusi anaingia kanisani, mara goli. Mwingine alifua mkanda kwa sabuni ya unga kwa sababu ulikuwa na ukungu, akauanika juani pamoja na shuka. Masika ukungu ulikuwa ugonjwa wetu mkubwa. Mkanda unaufungua unakuta unga mweupe pembeni kama wa muhogo, na ukiutia kwenye deki hivyo hivyo umeua hedi.

Sasa sinema yenyewe.

Upande wa Sibwesa alikuwapo Mjapani mmoja anayechimba visima. Tulimwita Bwana Kenji. Redio yake ya mawasiliano iliungua, nikamtengenezea, na alipokuwa anarudi kwao alipita karakana kuniaga. Akaniachia mkanda wa video, akaushika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka. Ni sinema ya zamani ya kwao, alisema, ya polisi na wahalifu, nyeusi na nyeupe. Tuliiangalia pamoja siku ile, sinema yote, na chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza.

Kabla haijaanza kulikuwa na maelezo mafupi ambayo yalinigusa kuliko hata hadithi. Walionyesha jinsi sinema hiyo ilivyokuwa imeharibika: mikwaruzo kama mvua ya misumari, vipande vimeoza, sauti inakoroma. Halafu wakaonyesha mafundi wamekaa mezani na glavu nyeupe, wanasafisha picha moja baada ya nyingine, wanatafuta vipande vilivyopotea katika maghala, wanavirudisha mahali pake. Mzee mmoja wa Kijapani pale mezani alikuwa anainua mkanda kwenye taa, kwa ncha za vidole ukingoni. Nikamwona Bruda. Bwana Kenji akasema, "Miaka wamefanya kazi hii, fundi." Nikamwambia naona.

Hadithi ni hii. Mfanyabiashara wa mchele anakutwa ameuawa ghalani. Mvua inanyesha tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtaani kuna mgeni, fundi miavuli, anasukuma mkokoteni wake nyumba kwa nyumba. Watu wanasema mkokoteni wake ulionekana karibu na ghala, polisi wanamkamata. Basi mpelelezi mmoja mzee haridhiki. Anakwenda kwa majirani mmoja mmoja, anakaa, anakunywa chai, anauliza, anaondoka. Ni sehemu ndefu, ya maneno tu. Mwisho wake anagundua kwamba muuaji ni mhasibu wa marehemu, mtu wa heshima, ambaye alivaa koti na kofia kama za fundi miavuli ili aonekane ni yeye. Hapo ndipo mhasibu ananyakua koti na kofia zile zile, anavaa, wanamkimbiza kwenye matope mpaka wanamnasa. Halafu kuna kipande kidogo cha mwisho. Fundi miavuli anatolewa, anarudi nyumbani, anakuta majirani wamegawana vifaa vyake. Anakaa. Mlango unafunguliwa.

Hicho cha mwisho nitakirudia.

Pale Shanwe lilikuwapo banda la video la Bwana Joakimu. Mabati, mabenchi, jenereta nyuma, na mfasiri. Nyie hamkuwaona wafasiri wa banda. Sinema ni ya Kichina au ya Kihindi, watazamaji ni wakulima na wachunga ng'ombe wa vijiji vya jirani, basi mtu anasimama pembeni ya televisheni na kipaza sauti anaeleza kinachoendelea. Kwa Joakimu alikuwa Ramso, kijana mwenye ulimi mwepesi ajabu. Kiingereza cha maandishi ya chini hakukijua. Alisoma picha. Na desturi ya wafasiri ilikuwa kuwapa watu wa kwenye sinema majina ya watu wa mjini. Bondia mnene anaitwa jina la mwuza nyama, bibi mkali anaitwa jina la mama mkwe wa Joakimu. Watu walilipa kuja kusikia hayo kuliko kuangalia ngumi.

Joakimu aliniomba ule mkanda, mikanda ilikuwa adimu, nikamwazima. Nilimwambia hadithi yote kwa Kiswahili, kwamba aliyekamatwa siye. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa.

Sasa, hapo nje ya banda palikuwa panaegesha mkokoteni wa ng'ombe wa Masanja. Masanja alikuwa Msukuma aliyehamia na mifugo yake katika kitongoji kimoja upande wa Magamba, mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa mabega. Alibeba mahindi ya watu kuleta mjini, na wakati ng'ombe wanapumzika aliingia kuangalia. Siku ya kwanza ya sinema ile fundi miavuli alipotokea tu na mkokoteni wake kwenye mvua, Ramso akasema kwenye kipaza sauti, "Huyo hapo, Masanja. Ng'ombe wamemgomea leo, anavuta mwenyewe." Banda zima likaanguka kicheko. Masanja mwenyewe alicheka zaidi ya wote. Tangu hapo fundi miavuli akaitwa Masanja, na sinema ikaitwa Mvua.

Mimi sikwenda bandani, Mungu anajua kwamba kelele zile zilinishinda. Nilichojua nilikijua baadaye, deki ya Joakimu ilipoletwa mezani kwangu.

"Fundi, inatoa chenga tupu," alisema.

Nikafungua. Hedi ilikuwa imeganda gundi, ile ya selotepu ya kufungia zawadi. Nikautoa mkanda wangu, nikauvuta polepole, nikaona kiungo kimekaa upande wa mbele, upande ule ule unaosugua hedi, kimekatwa wima kama mkate. Baadaye kidogo kingine.

"Joakimu, nani kaukata mkanda huu?"

"Sijaukata, nimeupunguza. Watu wanalala pale katikati. Wazee wawili wanakunywa chai nusu saa, nani aje bandani kuangalia chai? Nikipeleka mbele kwa deki wanapiga miluzi, wanasema sinema mbovu. Nikaona nitoe maneno, nibakize kazi."

"Mkanda ni wako?"

"Si tunaazimana, fundi. Mbona umenuna kama mjane?"

"Ulitoa kutoka wapi mpaka wapi?"

"Anakamatwa, halafu anatoroka anakimbizwa kwenye matope. Imetulia sana sasa. Na pale mwisho nilikata, analia lia tu."

Wanangu, someni tena hayo aliyosema. Anakamatwa, halafu anatoroka. Mkasi wa Joakimu ulikuwa umeshona kukamatwa kwa mtu asiye na hatia na kukimbizwa kwa muuaji, vikawa mtu mmoja, kwa sababu koti ni lile lile na kofia ni ile ile. Na Ramso, anayesoma picha, akawa anatangaza kila siku kwenye kipaza sauti kwamba Masanja ametoroka gerezani, Masanja huyo, Masanja mkamateni. Wale Wajapani walikaa miaka na glavu kurudisha kila kipande mahali pake. Joakimu alimaliza mchana mmoja na mkasi wa kukatia vitenge.

"Vipande viko wapi?"

"Nimempa mama Joyce apeleke shambani bondeni. Ndege wanatumalizia mpunga."

Mnajua jambo hilo, mmeliona hata kama hamkulitia maanani. Mkanda ukifungwa kwenye miti juu ya mpunga, upepo ukiupiga unavuma na kumeta, na ndege wanaogopa kutua. Ukweli wa sinema ile ulikuwa unafukuza ndege bondeni.

Ningemalizia hapo, ningemdai Joakimu mkanda wangu, tungenuniana msimu mmoja tukasahau. Lakini wiki ile ile Masanja alikuja karakana. Hakukaa mpaka nilipomvutia kiti.

"Fundi, pale kijijini mota ya mashine ya kusaga imeibwa," alisema. "Mota ni nzito, mtu habebi kichwani. Wanasema mwenye mkokoteni ni mmoja."

"Na wewe unasemaje?"

"Usiku huo ng'ombe wangu mmoja alikuwa anazaa. Nilikuwa zizini. Lakini shahidi wangu ni ng'ombe." Akajaribu kucheka, mabega hayakutikisika. "Wanangu shuleni wanaulizwa baba yenu alitorokaje jela. Nikadhani ni utani. Nilipokwenda kisimani jana, mama mmoja akauondoa mtungi wake. Jumapili baada ya Misa kuna kikao. Sungusungu watasema nihame, au watasema kwa fimbo."

Nikaweka bisibisi mezani. Akaniangalia.

"Fundi, nikuulize. Yule mtu wa kwenye sinema, kweli aliua?"

"Hakuua."

"Mbona alikimbia?"

"Aliyekimbia ni mwingine."

Mtu alipita nje akinadi samaki wa Karema, sauti ikapotea.

"Basi kawaambie," Masanja akasema.

"Nikiwaambia watasema namtetea mteja wangu. Walikuona kwa macho yao unakimbia. Lazima waone kwa macho hayo hayo."

Nilikwenda kwanza kwa Ramso. Nilimkuta anakunywa uji, nikamweleza yote, na kwamba Jumapili aje aseme hadharani kwamba alibuni.

"Baba Anselmi," akaniambia, "mimi nafasiri picha. Maandishi ni ya wasomi."

"Umempa muuaji jina la mtu aliye hai."

"Ni utani. Mwenyewe alicheka, watu wote mashahidi. Sasa utani umekuwa dhambi? Nyie watu wa kanisa mtatuharibia kazi."

Utani. Kwetu utani ni kitu chema, unawafanya watu wa makabila kumi waishi mtaa mmoja bila kushikiana mapanga. Mtani anakuambia wewe ni mchawi huku anakusaidia kuchimba kaburi la baba yako. Lakini mtani huwapo. Anakutukana akiwa mbele yako na anakuzika kwa mikono yake. Ramso alimtania Masanja kwa kipaza sauti, halafu watu walipokuja na fimbo akaendelea na uji wake. Kuna amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo, na sikumbuki mahali inaposema isipokuwa kama watu wamecheka.

Nikaenda bondeni. Mama Joyce alinipokea vizuri, akasema afadhali niuchukue, ndege wameshauzoea. Kulikuwa na kipande kirefu kimezungushwa shamba lote, na kifupi kwenye kona ya njia, kimefungwa mafundo, kimevutwa na watoto. Nilifungua kila fundo kwa kucha, nikauviringisha kwenye chupa nilizozifunga kitambaa safi. Nikiufungua mkanda, mpunga uliniwasha miguu, nami nilisali, na sala yenyewe haikuwa nzuri, ilikuwa na majina ya watu ndani yake.

Sasa sikilizeni kazi ilivyofanyika, huenda mmoja wenu akaihitaji. Sikuosha kwa maji ya kisima, yana chumvi. Nilinunua maji ya kuongezea betri, yale matupu, siyo asidi. Nikaupitisha mkanda taratibu katika beseni, nikaukausha kivulini juu ya vitenge vya mke wangu, chumba kizima, tukalala sebuleni. Nikaupangusa kwa spiriti kidogo. Viungo vya Joakimu nikavitoa vyote, nikakata mshazari, maana kiungo kilichokatwa wima kinagonga hedi kwa mpigo mmoja na kile cha mshazari kinateleza. Gundi ikakaa mgongoni, upande ambao hedi haigusi. Nikatumia deki yangu mwenyewe kujaribia, hedi yake ikiwa ndiyo pekee niliyokuwa nayo, na kila kiungo kilipopita nilisikia tik ndogo kifuani kwangu.

Kipande kirefu kilipona. Picha ilitetemeka, mistari ilipita, lakini wale wazee wawili walikuwapo na chai yao. Kile kifupi hakikupona vizuri. Mjue kwamba kwenye mkanda wa video sauti imeandikwa ukingoni, na picha imeandikwa katikati kwa mshazari. Mkanda ukikunjwa mafundo katikati, picha inakufa na sauti inaweza kubaki hai. Ndivyo ilivyokuwa. Niliusikia mlango wa fundi miavuli ukifunguliwa, nikasikia mvua, nikasikia mtu anaongea, na kwenye kioo zikawa chenga nyeupe tupu.

Jumapili niliomba lifti ya lori, nikaenda kitongojini na televisheni, deki na jenereta ndogo. Nilikuta watu wametoka kanisani na nguo zao nzuri, wengi wao walikuwa wamekomunika asubuhi ile ile. Sungusungu walikuwa wameegemeza fimbo zao ukutani mwa darasa. Masanja alikuwa amesimama peke yake kando ya mkokoteni wake.

Mwenyekiti wa kitongoji alinisikiliza, akakunja uso. "Fundi, sisi tumekuja kwenye kikao. Hatukuja kwenye banda la video."

"Mlianzia kwenye banda la video, mwenyekiti," nikamwambia. "Malizieni huko huko."

Vijana wakacheka, na kicheko ndicho kilichonisaidia, kwa sababu walitaka kuiona Mvua tena. Tukaziba madirisha ya darasa kwa magunia. Nikasema nitafasiri mimi, na sitaongeza jina la mtu.

Fundi miavuli alipotokea na mkokoteni, sauti kutoka nyuma ikasema, "Masanja huyo." Wakacheka. Nikazima sauti ya deki. Nikasema, "Huyo ni fundi miavuli. Hana jina hapa." Nikawasha tena. Akakamatwa, wakaguna kwa kuridhika, wakakaa vizuri kusubiri matope na mbio. Badala yake wakaja wazee wawili wakanywa chai.

"Fundi, umekosea mkanda," mtu akasema.

"Huu ndio mkanda. Ule mwingine ndio uliokosewa."

Nikafasiri kila neno la wale wazee. Mpelelezi anauliza, nani aliuona mkokoteni? Jirani anajibu, watu wote. Anauliza, wewe uliuona? Hapana, niliambiwa. Anakwenda kwa aliyemwambia, naye aliambiwa. Nyumba kwa nyumba, chai kwa chai, mpaka inabaki nyumba ya mhasibu. Anafungua kabati. Koti. Kofia.

Kisha bibi mmoja aliyekaa mbele akasema polepole, kama mtu anayeongea na jungu lake, "Kumbe si yeye."

Mbio za matopeni zilipokuja, zile walizokuwa wakishangilia bandani, hakuna aliyetaja jina.

Kikafika kile kipande cha mwisho. Chenga zikajaa kioo, mvua ikasikika. Wakanigeukia. Nikawaambia kwa mdomo, maana nilikuwa nimekiona na Bwana Kenji: "Fundi miavuli amerudi kwake. Vifaa vyake majirani waligawana. Mlango unafunguliwa. Ni mama wa nyumba ya pili, ndiye aliyesema wa kwanza kwamba aliuona mkokoteni. Amebeba sanduku la vifaa kichwani. Analiweka chini, anapiga magoti pale pale kwenye matope. Anasema, tulikukosea. Halafu mwisho."

Nikazima.

Mwenyekiti akakohoa. "Basi," akasema. "Suala la mota tutalipeleka polisi. Kikao kimefungwa."

"Na Masanja?" nikauliza.

"Masanja nani amemgusa?"

Nimeishi na sentensi hiyo miaka yote hii. Nani amemgusa. Watu wakachukua fimbo zao, wakatoa magunia madirishani, wakaenda kula. Wengine walipita mbele yake wakazungumzia mvua za msimu. Masanja alikuwa ameketi kwenye benchi la mwisho, karibu kabisa na mlango, na hakuinuka mpaka darasa likabaki tupu.

Lori lilikuwa limeshaondoka. Akaleta mkokoteni wake, ule ule, akanibebea televisheni na jenereta mpaka Shanwe, akaifunga televisheni kwa shuka lake isitikisike. Tulipokaribia mjini akasema, "Fundi, nimeielewa sinema."

"Umeielewaje?"

"Yule mama alikuja." Akawapigia ng'ombe mluzi mdogo. "Mimi nilikaa mlangoni ili wa kwangu asinipite."

Baada ya mavuno alihama na mifugo yake kwenda upande wa Mpimbwe, yeye na watoto. Nilisikia huko walimpokea, namshukuru Mungu kwa hilo. Joakimu alinilipa mkanda mwingine wa ngumi, nikamrudishia. Ramso aliendelea na kazi mpaka mabanda yalipokufa.

Na sasa najua mnataka kuuliza mota aliiba nani. Sijui. Tazameni lakini mlivyo: mtu amekaa mlangoni anasubiri neno moja, nyie bado mnamtafuta mwizi.

Mkanda ninao. Viungo vyangu bado vimeshika. Mara chache nauweka kwa ajili ya wajukuu, na tukifika mwisho zinakuja chenga, na mmoja lazima aulize, babu, hapa wanafanya nini? Namwambia akae. Namwambia hapo kuna mama amebeba sanduku kichwani, yuko njiani, anakuja.